Kijiko kimekuwa kizito? Kabla hujanunua pampu, chunguza hii valvu ndogo

Makambako. Tuseme una eskaveta ya tani 20, au kijiko kama wengi tunavyoiita, na imepata kazi ya kuchimba msingi kata ya Lyamkena. Wiki ya kwanza mambo safi. Wiki ya pili mashine inaanza kulegea. Mkono unapanda kwa kusuasua, kuzunguka inazunguka kivivu, lakini injini yenyewe iko poa, hailemewi wala haitoi moshi mweusi. Fundi anakuja, anasikiliza dakika mbili, anatoa hukumu: pampu imekufa.

Hukumu hiyo ni ya mamilioni. Na si bei ya pampu peke yake. Tuseme unakodisha kwa Sh100,000 kwa saa na mashine inapiga saa nane kwa siku. Kila siku inayolala ni Sh800,000 ambazo hazirudi tena, na pampu ya kuagiza Dar es Salaam haifiki kesho asubuhi.

Sasa, kwenye mwili wa pampu hiyohiyo kuna kitu kidogo, mara nyingi hakizidi kidole gumba kwa unene, chenye soketi ya waya mbili. Ni valvu ya uwiano. Ikipata umeme pungufu au ikikwama kwa uchafu, pampu nzima kabisa inaweza kufanya kazi kama imekufa. Ukibadilisha pampu halafu waya mbovu ukabaki, ugonjwa unabaki palepale na hela imeshakwenda.

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara ya Njombe na Songea inachepuka hapa kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia, na reli ya Tazara inapita hapahapa. Mbao, nguzo, kokoto, ujenzi wa barabara, vyote vinahitaji mashine za haidroliki. Kwa hiyo hii habari siyo ya mafundi peke yao.

Jiko la gesi na swichi ya taa

Mfumo wa haidroliki una kazi moja ya msingi: pampu inasukuma oili, oili inasukuma pistoni ndani ya silinda, pistoni inanyanyua mzigo. Katikati ya pampu na silinda lazima kuwe na mlinzi wa mlango. Huyo ndiye valvu.

Kuna valvu za aina ya swichi ya taa. Zimefungwa au zimefunguka, hakuna katikati. Zinafaa kwenye kazi kama kufunga breki ya kuegesha. Lakini ukimwekea dereva valvu ya namna hiyo kwenye mkono wa kijiko, kila akigusa liva mkono utaruka kwa nguvu zote, kisha utasimama ghafla. Hakuna ukuta utakaobaki salama.

Valvu ya uwiano ni kama kitasa cha jiko la gesi. Ukizungusha kidogo, moto mdogo. Ukizungusha zaidi, moto unapanda. Tofauti ni kwamba hapa anayezungusha kitasa ni umeme, na kiasi cha oili au presha inayotoka kinafuata kiasi cha umeme ulioingia. Ndiyo maana ya neno uwiano.

Ndani kuna vitu vitatu vya kuelewa. Cha kwanza ni koili, waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, ambao ukipitishiwa umeme unakuwa sumaku. Cha pili ni spuli, kijiti cha chuma kilichosuguliwa kikawa laini sana, kinachoteleza ndani ya tundu na kufungua au kuziba njia za oili. Cha tatu ni springi inayoirudisha spuli nyumbani.

Umeme ukiingia kidogo, sumaku inasukuma kidogo. Springi inagoma, inasukuma kurudi. Nguvu mbili zikilingana, spuli inasimama hapo. Ongeza umeme, spuli inasogea tena kidogo hadi springi ilingane nayo upya. Safari yote ni ya milimita chache tu, lakini kwenye milimita hizo ndiko kuna tofauti ya kunyanyua mzigo taratibu na kuurusha.

Kwenye kingo za spuli kuna vijikato vidogo, vingine vya umbo la V. Hivyo vinafanya oili ianze kupita kwa wembamba, kisha njia ipanuke polepole. Bila hivyo, spuli ikifungua tu oili ingeingia kwa kishindo.

Mkondo, siyo volti

Hapa ndipo wengi wanapotea, wakiwemo mafundi wazuri tu wa injini.

Nguvu ya sumaku ya koili inategemea kiasi cha mkondo unaopita, yaani ampea. Haitegemei volti moja kwa moja. Mkondo huu ni mdogo. Valvu nyingi za mashine za volti 24 zinafanya kazi kwa miliampea mia mbili hivi hadi mia nane hivi. Miliampea 1,000 ni ampea moja.

Chukua koili yenye ukinzani wa omu 20 ikiwa ya baridi, nyuzi joto 20. Ukiipa volti 10, zinapita miliampea 500. Sasa mashine imepiga kazi, koili imefika nyuzi joto 100. Shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo omu 20 zimekuwa omu 26 na kitu. Volti ni zilezile 10, lakini mkondo umeshuka hadi kama miliampea 380. Umepoteza karibu robo ya amri na hujagusa kitu chochote.

Ndiyo maana kwenye mashine hizi kuna kompyuta, lile boksi ambalo mara nyingi huwa nyuma ya kiti cha dereva, inayopima mkondo muda wote na kuurekebisha. Koili ikichemka, kompyuta inaongeza volti ili mkondo ubaki uleule. Inafanya hivyo kwa kuwasha na kuzima umeme haraka mno. Ikitaka kuongeza, inarefusha muda wa kuwasha. Ikitaka kupunguza, inaufupisha.

Matokeo yake ni kwamba fundi akichomeka multimita kupima volti kwenye soketi, anapata namba isiyomwambia kitu cha maana. Kipimo cha kweli ni mkondo, mita ikiwa imeunganishwa ndani ya njia ya umeme, yaani umeme upite kwenye mita kwanza ndipo uende kwenye koili.

Kuna mchezo mwingine wa hatari, kuchukua umeme moja kwa moja kutoka betri na kuupiga kwenye koili ili kuona kama inafanya kazi. Piga hesabu. Volti 24 kwa omu 20 ni ampea 1.2. Kama koili ilitengenezwa kwa miliampea 800, umeipa mara moja na nusu ya inachobeba. Inaweza ikashtuka vizuri, ukafurahi, kisha ikaungua dakika chache baadaye. Na kama injini inawaka, mashine inaweza kufanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

Kwa nini valvu inatetemeka

Ukishika valvu ya uwiano inayofanya kazi unaweza kuhisi mtetemo mdogo. Siyo ugonjwa.

Kitu kilichotulia ni kigumu kuanza kusogea kuliko kukiendeleza kikiwa kinasogea. Jaribu kusukuma kabati zito, utaelewa. Spuli nayo ikitulia kwenye tundu lake inagandia kidogo. Dereva akiomba mwendo mdogo haisogei, akiomba zaidi inaachia ghafla na mkono unaruka. Kuzuia hilo, kompyuta inaufanya mkondo upande na kushuka kidogo, mara nyingi kama mara 100 hadi 200 kwa sekunde. Spuli haitulii kabisa, hivyo iko tayari kusogea muda wote. Mtetemo ni mdogo kiasi kwamba silinda haiusikii.

Kuna na jambo la mwanzo wa liva. Spuli nyingi hutengenezwa ziwe zinapitiliza kidogo tundu la oili zikiwa nyumbani, ili zisivujishe. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya umeme inaishia kuisogeza spuli bila oili kupita. Kompyuta inalijua hilo na inaruka sehemu hiyo. Lakini inaruka kwa kufuata vipimo vya valvu iliyokuwepo. Ukifunga valvu nyingine, mashine nyingi zinataka zipangwe upya, vinginevyo liva itakuwa tupu mwanzoni au itaruka. Fundi anayefunga na kuondoka bila kupanga ameacha kazi nusu.

Pampu inapewa amri

Rudi kwenye kijiko chetu. Kwenye mashine nyingi zinazofanya kazi mitaani, liva za dereva bado ni za oili. Ukivuta, valvu ndogo chini ya liva inaachia presha ya amri ya baa 30 au 40 hivi, nayo inakwenda kusogeza spuli kubwa. Baa hapa siyo ile ya kinywaji. Ni kipimo cha presha, na tairi la gari dogo lina baa mbili na ushee. Mashine mpya kabisa zimeondoa hata hizo paipu, liva ni ya umeme tupu na kila mwendo una valvu yake ya uwiano.

Lakini hata kwenye zile za liva za oili, pampu kuu mara nyingi inaongozwa na valvu ya uwiano. Pampu hizi hazitoi oili kiasi kilekile muda wote. Ndani kuna sahani inayoweza kulala au kusimama. Ikiegama sana, pistoni zinakwenda mbali na oili ni nyingi. Ikikaribia kunyooka, oili inakuwa chache. Kompyuta inaangalia injini, na ikiona inalemewa inatuma amri kupitia valvu kwamba pampu ipunguze.

Umeona mtego? Amri ya kupunguza ikitoka kimakosa, au valvu ikikwama upande wa kupunguza, pampu inatii. Injini haina mzigo, inalia kwa raha, mashine ni nzito. Kwa macho na masikio ni sawa kabisa na pampu iliyokwisha.

Jinsi ya kutofautisha

Kwanza, tembeza mashine. Vijiko vingi vya ukubwa huu vina pampu kuu mbili, kila moja inalisha mnyororo wa upande wake mashine ikitembea. Pampu moja ikichakaa, mara nyingi kijiko kinavutia upande mmoja. Kama kinakwenda moja kwa moja lakini polepole pande zote, jiulize: pampu mbili zimekufa siku moja? Inawezekana, lakini kitu kinachoziamuru zote mbili ni mtuhumiwa wa karibu zaidi.

Pili, uliza kama mashine ina swichi ya dharura ya pampu ndani ya kabini. Baadhi zinayo. Ukiiwasha, kompyuta inarukwa na valvu inapewa mkondo usiobadilika. Kama mashine inarudisha nguvu, pampu umeshaisafisha jina, na sasa unatafuta waya, soketi, sensa au kompyuta.

Tatu, zima mashine, chomoa soketi, pima omu za koili, ile alama ya Ω kwenye mita, kisha linganisha na koili nyingine ya aina ileile. Ikionyesha njia imekatika, koili imekwenda. Ikiwa chini sana kuliko mwenzake, ina shoti ndani. Angalia na soketi yenyewe. Kutu ya kijani kwenye pini moja inatosha kula mkondo wote.

Nne, kama kuna valvu mbili zinazofanana kabisa, badilishana koili zake. Ugonjwa ukihama na koili, umepata mchawi. Ukibaki palepale, ni waya au spuli. Kipimo hiki hakigharimu chochote zaidi ya spana na dakika chache, na kinashangaza jinsi kinavyorukwa.

Baada ya hapo ndipo presha ipimwe kwa geji. Pampu iliyochakaa kweli ina dalili zake. Oili inavuja ndani kwa ndani, mashine inakuwa nzito zaidi oili ikichemka, na vumbi la chuma linaonekana kwenye filta. Filta ikipasuliwa ikakutwa inang'aa kwa vipande vya shaba au chuma, hapo fundi wa pampu ana haki ya kuongea.

Angalizo kuhusu vipuri. Koili ya volti 12 na ya volti 24 zinaweza kufanana kwa nje, na valvu ya kuwasha na kuzima inaweza kufanana na ya uwiano. Namba iliyochapwa kwenye mwili wake ndiyo ya kufuata. Umbo linadanganya.

Vumbi la kiangazi, baridi ya Julai

Nafasi kati ya spuli na tundu lake ni maikroni chache tu. Unywele wa mtu una kama maikroni 70. Maana yake vumbi linaloweza kuikwamisha spuli hulioni kwa macho.

Na upepo wa Makambako kila mtu anaujua. Kufungua tangi la oili kiangazi, katikati ya saiti, mfuniko ukiwa umewekwa chini kwenye udongo mwekundu, ni kuitafutia valvu kifo. Hata oili mpya kwenye pipa siyo safi kama tunavyodhani, mara nyingi ina chembe nyingi kuliko valvu inavyotaka. Inatakiwa ipite kwenye filta kabla ya kuingia tangini. Wengi wetu tunaimimina kwa kidumu kilichokatwa, tena kile kilichobeba dizeli jana.

Kuna kipimo cha kimataifa cha usafi wa oili, ISO 4406. Mfumo wenye valvu za uwiano mara nyingi unalenga daraja la 18/16/13. Namba ya kwanza, 18, maana yake ni kwamba ndani ya mililita moja ya oili kuna chembe kati ya 1,300 na 2,500 zenye ukubwa wa maikroni nne au zaidi. Na hiyo ndiyo oili inayohesabika kuwa safi!

Baridi nayo. Asubuhi za Juni na Julai huku nyanda za juu oili inakuwa nzito, inapita kwa shida, valvu inajibu kwa kuchelewa. Mashine ikiwa nzito dakika za kwanza kisha ikachangamka, hiyo ni hali ya hewa tu. Iache ipate joto, endesha liva taratibu bila mzigo. Mashine inayoanza vizuri halafu inalegea mchana ndiyo ya kuitilia shaka.

Siyo vijiko tu

Valvu za namna hii ziko kwenye kreni za kupakia magogo, foklifti na mitambo ya viwandani. Hata umeme unaochaji simu unayosomea habari hii una uhusiano nazo. Mabwawa ya umeme yana milango inayoongeza au kupunguza maji yanayoingia kwenye mtambo, na milango hiyo inasukumwa na silinda za oili. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Watu wakiwasha pasi na majiko kwa pamoja, maji yanapaswa kuongezwa mara moja ili umeme ubaki kwenye mizunguko 50 kwa sekunde. Mitambo ya kisasa ya aina hiyo kwa kawaida hutumia valvu ya uwiano au binamu yake aliye mwepesi zaidi, valvu ya sevo, kufanya marekebisho hayo muda wote.

Usipapase kwa mkono

Kabla hujagusa valvu yoyote, shusha mkono wa kijiko hadi chini, zima injini, kisha chezesha liva ili presha iliyobaki itoke. Mzigo ulioning'inia juu unaweza kushuka ukifungua nati moja tu.

Na usitafute uvujaji wa oili kwa kupapasa na kiganja. Presha kuu ya kijiko inafika baa 300 hadi 350, zaidi ya mara 100 ya tairi la gari. Oili ikitoka kwenye tundu dogo kama la sindano inapenya ngozi na kuingia ndani ya nyama. Kidonda kinaonekana kidogo, kama umechomwa na mwiba, na mara nyingine hakiumi sana mwanzoni. Lakini ndani oili inaendelea kuharibu, na watu wamekatwa vidole na mikono kwa sababu walisubiri hadi kesho. Pitisha kipande cha kadibodi au ubao kwenye paipu badala ya mkono. Ikikupata, nenda hospitali saa hiyohiyo na umwambie daktari kwamba ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa presha, asije akakufunga plasta akakurudisha nyumbani.